Karatasi Langoni: Tarehe ya Amri ya Zuio

Siku za mwanzo za Februari 2018, Okiya Omtatah, raia wa Kenya ambaye kwa miaka mingi alikuwa amezoea kuishitaki Serikali kila alipoona Katiba imekiukwa, alifika kwenye ofisi za Mamlaka ya Mawasiliano, Nairobi, mkononi akiwa na karatasi yenye muhuri wa Mahakama Kuu. Walinzi hawakumpa njia, wala hakutokea ofisa wa kuipokea karatasi ile na kuitia sahihi. Basi akaibandika nje, akaenda zake. Maneno yake hayakuwa mengi: televisheni nne zilizozimwa tangu tarehe 30 Januari ziwashwe, wala mtu asiyaingilie matangazo yake mpaka shauri lisikilizwe. Siku kadhaa zikapita, amri ipo na televisheni zi gizani, hata watu wakaulizana mabarazani na garini, je, karatasi ina nguvu gani mbele ya mwenye askari?

Swali hilo ni la zamani kuliko televisheni. Amri ya zuio, yaani agizo la hakimu kwa mtu kwamba asitende jambo fulani, au aliache alilokwisha kulianza, ina nasaba ndefu iliyovuka bahari mpaka ikatua kwetu. Ajabu iliyomo katika nasaba hiyo, nayo ndiyo niliyokusudia kuieleza, ni kwamba chombo ambacho kwa wenyewe waliokibuni kilihofiwa kuwa kufuli la vinywa, kwetu sisi kimekuja kuwa ufunguo; na mgeuko huo haukutokana na wema wa watawala wetu, maana wao, tangu wa kikoloni mpaka wa bendera zetu wenyewe, hawakupata kuihitaji mahakama walipotaka watu wanyamaze.

Kabla ya magazeti, habari za mji wa pwani zilitangazwa kwa mbiu. Pembe ilipolia watu waliacha shughuli zao, kwa kuwa la mgambo likilia lina jambo, na jambo lenyewe lilikuwa la mwenye mji: kazi ya shirika, hatari ya adui, au amri mpya. Katika Lamu na Pate palikuwa na siwa, za shaba na za pembe za ndovu, ambazo zilipulizwa kwa idhini na kwa heshima ya wakuu, wala hapakuwa na mtu wa kawaida aliyeweza kujichukulia siwa akaipuliza kwa shauri lake. Mwenye baragumu ndiye mwenye habari. Kwa hiyo hapakuzuka haja ya kwenda kwa kadhi kuomba mtangazaji azuiwe, ilhali mtangazaji na mtawala walikuwa mtu na kivuli chake.

Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko, kwa karne nyingi, palikuwa na mabaraza mawili ya haki. Moja lilifuata sheria za mila za nchi, na dawa yake kubwa ilikuwa fidia: aliyedhulumiwa alilipwa fedha baada ya dhulma kutendeka. La pili lilikuwa la Chansela, waziri mkubwa wa mfalme, ambaye watu walimwendea pale fedha isipotosha kuponya jeraha, kwa mfano jirani anapotaka kuukata mti wa kale ambao ukishaanguka hapana dinari itakayousimamisha tena. Chansela hakungoja mti uanguke. Alitoa amri kwamba shoka lishushwe, na aliyekaidi alitiwa gerezani mpaka akatii. Hiyo ndiyo asili ya zuio: huruma inayotangulia madhara.

Kutoka katika miti na mashamba zuio likaingia katika karatasi. Mwaka 1818 Lord Eldon, aliyekuwa Chansela, alikubali kuzuia barua za mtu zisichapwe, lakini alishikilia kwamba alilinda mali iliyomo katika barua, wala kazi yake haikuwa kulinda fahari au hisia za mwandishi. Mwaka 1849 aliyefika barazani alikuwa mume wa Malkia mwenyewe, Prince Albert. Yeye na Malkia Victoria walikuwa wakijifurahisha kwa kuchora picha za nyumbani mwao, na nakala za picha hizo zikatoroka, zikamfikia mtu aliyetaka kuzionyesha kwa watu na kuuza daftari la kuzieleza. Mahakama ilizuia maonyesho, ikazuia na daftari. Tangu hapo ilifahamika kwamba siri, kama ilivyo mali, ina mlango unaoweza kufungwa kwa amri.

Baada ya sheria ya mwaka 1873 kuyaunganisha yale mabaraza mawili, kila jaji mkubwa wa Uingereza alikuwa na ufunguo wa zuio mfukoni, na matajiri waliochukizwa na magazeti hawakukawia kuugongea mlango wake. Hapo ndipo majaji wenyewe walipoogopa. Mwaka 1891, katika shauri la Bonnard na Perryman, Lord Coleridge na wenziwe walitamka kwamba mhariri anayesema yu tayari kuthibitisha ukweli wa aliyoyaandika hazuiwi kabla ya shauri kusikilizwa. Na aandike, kisha akishindwa kuthibitisha, alipe. Hoja yao ilikuwa kwamba kuamua kama neno ni kashfa au si kashfa ni kazi ya baraza la wazee wa mahakama walioteuliwa miongoni mwa raia, wala haifai jaji mmoja aifanye peke yake kwa haraka, kwa kusoma viapo vya upande mmoja, kabla umma haujasikia lolote. Ni mara chache katika tarehe ya sheria mwenye upanga kuurudisha alani kwa hiari yake, na kanuni ile imedumu.

Haikufuta hofu zote. Ulinzi wa siri ulibaki wazi, na mlango huo ulipitiwa na wengi. Mwaka 2006 taka za sumu zilimwagwa Abidjan, nchini Ivory Coast, zikiwa zimeletwa na meli iliyokodiwa na kampuni ya mafuta ya Trafigura. Na mwaka 2009 mahakama ya London ilizuia gazeti la The Guardian lisiitangaze taarifa ya siri iliyoandikwa kwa ajili ya kampuni hiyo juu ya taka zile, tena lisiseme hata kwamba limezuiwa. Mbunge alipouliza swali bungeni juu ya kadhia hiyo, gazeti lilijikuta haliwezi kuandika lililosemwa katika Bunge la nchi yake. Habari ilienea kwa njia ya intaneti katika usiku mmoja, na kesho yake mawakili wakalegeza kamba. Waliovuta moshi wa sumu walikuwa maskini wa Afrika, na aliyefungwa mdomo alikuwa mwandishi wa Ulaya. Kwa hiyo tusidhani kwamba kadhia hizi ni za Wazungu peke yao.

Sasa turudi kwetu. Sheria za Kiingereza, pamoja na zuio la Chansela, zilipokewa rasmi katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na katika Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa maandishi, basi, mhariri wa Mombasa au Dar es Salaam alirithi ngao ileile ya mwaka 1891. Lakini watawala walikuja na shehena nyingine iliyofanya ngao ile isitumike. Kenya ilikuwa na sheria ya kusajili vitabu na magazeti tangu mwaka 1906, na kanuni za adhabu za mwaka 1930, katika Kenya na Tanganyika, zilibeba kosa la uchochezi, neno lililopanuka kama wavu wa jarife, likawanasa wakubwa na wadogo. Gavana mwenye wavu wa namna hiyo ana haja gani ya kwenda mbele ya jaji kuapa, kuonyesha madhara, na kuhojiwa?

Magazeti ya Waafrika yaliota katika ardhi hiyo ngumu. Erica Fiah, mwenye duka, alianzisha Kwetu mjini Dar es Salaam mwaka 1937, akawauliza wakubwa maswali ambayo Mambo Leo, gazeti la Serikali lililotangulia tangu mwaka 1923, halikuwa na desturi ya kuyauliza. Nchini Kenya, Henry Muoria alichapa Mumenyereri kwa Kikikuyu tangu mwaka 1945. Na hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 gazeti hilo lilifungwa pamoja na mengine mengi, mhariri wake akiwa London, ambako aliishia kuwa mgeni wa kudumu. Unguja, mwaka 1954, viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kwa ajili ya makala za Al Falaq. Na mwaka 1958 Julius Nyerere mwenyewe alisimama kizimbani Dar es Salaam kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, na hukumu ikawa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu.

Mtu angetazamia kwamba wale walioumwa na nyoka huyo wangemkata kichwa walipoingia ikulu. Walimfuga. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, ambayo ilimpa waziri uwezo wa kulifunga gazeti kwa tangazo lake mwenyewe, akiona tu kwamba maslahi ya umma yataka hivyo. Kenya iliendelea kumtaka mchapaji aweke dhamana ya shilingi 10,000, na mwaka 2002 dhamana hiyo ikapandishwa ikawa milioni moja, kana kwamba ukweli ni bidhaa ya wenye majumba. Tarehe 2 Machi 2006, usiku, watu waliofunika nyuso waliingia katika matbaa ya The Standard wakachoma magazeti, na televisheni ya KTN ikazimwa. Serikali ilikiri kuwa waliotumwa walikuwa polisi. Desemba 2007 matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku kwa neno la wizara. Katika hayo yote hapana aliyeanza kwa kwenda mahakamani kuomba idhini.

Wakati huohuo, katika mashauri ya mashamba, nyumba na biashara, majaji wetu walikuwa wakilifinyanga zuio kwa utulivu. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la Atilio na Mbowe, na mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Giella na Cassman Brown, ziliweka masharti matatu ambayo mpaka leo wakili kijana huyakariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura fupi: mwombaji awe na hoja yenye dalili ya kushinda, madhara anayoyaogopa yawe ya namna isiyofidiwa kwa fedha, na ipimwe mizani, ni nani ataumia zaidi, anayezuiwa au anayenyimwa zuio. Yalikuwa masharti ya wenye mali. Lakini tazama sharti la pili, kwa maana ndani yake ndimo ulimolala ufunguo.

Habari ni samaki. Mvuvi wa Kizimkazi akizuiwa kupeleka alichovua alfajiri mpaka jua lichwe, hata ukimrudishia samaki wake wote kwa hesabu, umemrudishia uvundo. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema maneno ya maana hiyohiyo mwaka 1991, ilipohukumu mazuio yaliyowekewa magazeti ya Uingereza juu ya kitabu cha jasusi mmoja mstaafu: habari ni kitu kinachoharibika, na kuichelewesha hata kitambo kidogo huweza kuiondolea thamani yote. Mahakama ya juu ya Marekani nayo, mwaka 1971, iliona inafaa kumaliza kwa siku 15 tu, tangu zuio la kwanza mpaka hukumu, shauri la Serikali iliyotaka gazeti la The New York Times lisiendelee kuchapa nyaraka za siri za vita vya Vietnam; majaji sita kwa watatu wakaliachia gazeti. Ikiwa kumzuia msemaji kwa siku chache ni dhara lisilofidika, basi msemaji aliyefungwa mdomo na Serikali anatimiza sharti la pili kuliko mwenye nyumba yeyote. Ilitakiwa tu mtu wa kulisema hilo, na sheria ya kumpa nafasi ya kulisema.

Sheria hiyo ilikuja Kenya mwaka 2010. Katiba mpya, katika Ibara ya 33 na ya 34, ilitamka uhuru wa kujieleza na uhuru wa vyombo vya habari. Na Ibara ya 22 na ya 23 zikampa mtu yeyote, hata asiye na gazeti wala mtambo, haki ya kwenda mahakamani kwa maslahi ya umma na kuomba zuio, au amri ya kuihifadhi hali isiharibike. Zamani za Lord Eldon ungeulizwa mali yako ni ipi. Sasa ilitosha kujibu kwamba mali yangu ni kujua.

Hivyo, tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha mbele ya umati katika Uhuru Park, na Serikali ikazizima Citizen, Inooro, NTV na KTN zilizokuwa zikitangaza, mizani ilikwisha kuwekwa tayari. Omtatah alipeleka ombi la dharura. Tarehe 1 Februari Jaji Chacha Mwita alitoa amri kwamba uzimaji ule usitishwe kwa siku 14 na matangazo yarejeshwe. Yaliyofuata langoni umekwisha kuyasikia. NTV na KTN zilirudi tarehe 5, na Citizen na Inooro tarehe 8. Amri ilitiiwa, lakini ilitiiwa kwa mwendo wa kobe, na mtu aliyekuwa akihesabu aliona kwamba televisheni mbili zilikaa gizani siku saba baada ya jaji kusema ziwake.

Hata hivyo mwendo wa kobe una heri yake ukiulinganisha na yaliyowapata wengine. Uganda, Mei 2013, polisi waliingia gazeti la Daily Monitor wakitafuta barua ya jenerali mmoja, wakakaa siku 10. Hakimu aliondoa idhini ya upekuzi, nao wakaendelea kukaa. Tanzania, gazeti la MwanaHalisi lilifungwa Julai 2012 kwa tangazo la waziri, na Mahakama Kuu ikatamka kuwa kufungwa huko ni kinyume cha sheria Septemba 2015, yaani baada ya miaka mitatu, ambayo ni umri wa kutosha wafanyakazi kutawanyika na wasomaji kusahau. Gazeti la Mseto lilifungwa Agosti 2016 kwa miaka mitatu. Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, ikalipa haki Juni 2018. Haki ilipatikana mara zote mbili. Samaki ndiye hakungoja.

Yatupasa kuwa waadilifu kwa upande wa pili pia. Wapo watakaosema kwamba neno lisilo na lijamu huua, na ushahidi wao upo karibu nasi mno. Mwaka 1994 redio moja ya Kigali ilitangaza chuki na kuwahimiza watu wawaangamize jirani zao, na hapana aliyeinyamazisha. Na ni Arusha hiyohiyo, tarehe 3 Desemba 2003, ambako mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani wenye kuendesha chombo kile. Hapana mwenye akili timamu anayetaka kulisahau hilo, na Katiba ya Kenya yenyewe haikuupa ulinzi uchochezi wa fujo wala hotuba za chuki. Lakini mfano huo, ukitazamwa sawasawa, hauwatetei wanaozima mitambo kwa simu. Redio ile haikuwa ya wapinzani wanyonge. Ilikuwa kipenzi cha wenye nguvu, na waziri wa kuifunga angekuwa miongoni mwa wasikilizaji wake. Aliyehitajika siku zile ni hakimu asiyemwogopa waziri. Hoja ya Kigali, kwa hiyo, ni hoja ya kumpa jaji kazi ya kupima, na si ya kumwondolea.

Hapo ndipo yapasa kutofautisha watu wawili ambao lugha ya haraka huwachanganya. Yuko anayekwenda mahakamani kuomba habari isitoke: huyu, hata akiwa na nia mbaya, ametaja jina lake, ameapa, ameeleza madhara anayoyaogopa, na mhariri atapata siku ya kumjibu. Na yuko anayeagiza swichi izimwe: huyu hakuapa kitu, hana wa kumhoji, na sababu zake huzijua mwenyewe. Wa kwanza aweza kudhulumu, na majaji wa mwaka 1891 waliliona hilo wakamwekea mpaka. Wa pili ameondoka kabisa katika nyumba ya sheria. Mwandishi wa habari anayelalamikia zuio la mahakama ana haki ya kulalamika na kukata rufani. Lakini asisahau kwamba siku atakapozimiwa mtambo usiku, mlango atakaoukimbilia ni ule ule wa mahakama, na dawa atakayoiomba ni ile ile ya zuio.

Tarehe 25 Juni 2025, Wakenya walipoandamana kuwakumbuka vijana waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ilipeleka waraka kwa televisheni na redio zote ikiziamuru ziache kuyatangaza maandamano moja kwa moja, na baadhi ya televisheni zikazimwa. Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu. Jaji aliyelipokea ombi alikuwa Chacha Mwita yuleyule wa mwaka 2018, naye aliusimamisha waraka siku ileile, kabla samaki hajaoza.